Nilishinda Mara Mbili

Mtu akiniambia pole siku hizi, namkasirikia. Najua si adabu. Mtu amekuja na moyo wake safi, amenishika mkono, na mimi namjibu "Sawa, asante" huku nikitamani aende zake. Pole huambiwa mtu aliyeonewa. Mimi hakuna aliyenionea. Nilishinda, nikashinda tena, kisha nikakataa kuinuka. Hebu nikueleze vizuri, halafu uamue mwenyewe kama hiyo pole utaniachia au utarudi nayo.

Naitwa Derrick. Mimi ni mlinzi. Wakati huo nilikuwa Jeddah, mtaa wa Ruwais, chumba kimoja na Wakenya wengine watatu: Zablon, Cliff na Fred. Sote wanne tulikuwa tunalinda geti moja la maghala. Kwenye mkataba kila mtu ana siku thelathini za likizo kwa mwaka, maandishi mazuri kabisa, yenye muhuri. Lakini geti letu likizo ilikuwa inatoka Desemba tu, na kwa mtu mmoja. Watatu wanabaki wanagawana shifti zake, siku zao wanalipwa pesa, wanangoja mwaka mwingine. Mudir wetu, yaani meneja, Mmisri anayeitwa Hisham, hakutaka hata kujua ni nani anaenda. "Yalla, nipeni jina moja kabla ya Jumapili," basi, anafunga mlango wa gari.

Mwaka wa kwanza tulijaribu kuelewana kwa maneno. Woi! Kila mtu alileta shida zake. Huyu mke anataka kuondoka, yule shamba la baba linauzwa, yaani ilikuwa mashindano ya kulia. Mwishowe Fred na Cliff wakashikana mashati, sufuria ya maharagwe ikamwagika, tukalala njaa.

Ndipo Zablon akaleta dadu mbili. Zablon alikuwa mkubwa wetu, amekaribia miaka hamsini, sote tukimwita Baba Mirriam kwa jina la binti yake. Kabla ya kuja huku alifanya kazi kasino Nairobi miaka sita, kwenye meza ya dadu, yeye ndiye wa kuzivuta kwa kijiti na kumrudishia mchezaji. Akatuambia, hapa Saudia hakuna kasino na hatutafungua moja. Hatuchezi pesa. Tunarusha ili tusiuane.

Akatuwekea masharti. La kwanza, kwenye mkeka hakuna kutaja shida. Mtu akianza "mama yangu, mtoto wangu", anatolewa kwenye mchezo. La pili, kila mtu anarusha mara moja, mwenye nyingi ndiye mwenye likizo. La tatu ndilo lililonimaliza. Mshindi akisema "halas", yaani basi imetosha, akavaa viatu na kutoka nje, mambo yameisha, hakuna wa kumgusa. Lakini akibaki mkekani bila viatu, yeyote anaweza kumwekea siku zake thelathini. Mshindi akimshinda, anaziongeza kwake, kwa sababu kwa mudir siku ni siku, bora geti lina watu watatu. Akishindwa, anapoteza zote, zinakwenda kwa aliyemwekea.

"Na kwa nini umeweka hilo?" nilimwuliza siku hiyo.

"Ndio muone wenyewe," akasema. "Mimi niliwaona miaka sita. Waliotoka pale wakilia, wengi wao walikuwa wameshinda mapema. Kazi si kushinda, Derrick. Kazi ni kuinuka."

Nilicheka. Nilimwambia, "Baba Mirriam, wewe ungekuwa mchungaji."

Sasa mama yangu. Anaitwa Selipher, na sukari ilimwanza zamani. Mwaka jana, mwezi wa tisa, kiatu kilimchuna kidole akienda kanisani, mguu wa kushoto. Kidonda kidogo tu. Kufika Novemba kidole kilikuwa cheusi na unyayo umeanza kufuata. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, haraka. Mama akasema hakatwi mtu. Hakatwi mpaka kifungua mimba wake aje asimame mlangoni, ndio amuone akiingia na amuone akitoka. Baba alishakufa, na kifungua mimba ni mimi. Dada yangu Serah alimsihi, akamlilia, akamletea mchungaji. Mama akamwambia mchungaji, "Wewe niombee tu, mguu ni wangu."

Utaniuliza, si ungeenda ofisini ukamwambia mudir mama mgonjwa? Ndiyo. Niulize tu, hata mimi hujiuliza. Lakini sisi tulikuwa tumeona ya Allan. Allan, mlinzi mwenzetu, alienda kumwambia mudir wa zamani kwamba mkewe amelazwa, anaomba siku kumi. Wiki iliyofuata akapewa tiketi ya kwenda bila kurudi, mkataba halas, ikama, kile kibali cha kuishi, imefungwa, eti mtu mwenye mawazo nyumbani atalala kazini. Tangu hapo tukaapa: ofisi haijui shida yako. Mudir Hisham alipokuja hatukumpima. Tulimwogopa kwa makosa ya mwenzake.

Kwa hiyo hata wenzangu chumbani hawakujua habari ya mama. Nilikuwa naisubiri Ijumaa ya dadu, nikifunga na kuomba kama mtu wa maana.

Ijumaa ikafika, ya mwisho ya Novemba. Mchana, nje kimya, watu wamekwenda kuswali, sisi tumemaliza ugali. Tuliimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Zablon alikuwa ameenda mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakurusha, kazi yake ilikuwa kikombe. Fred akatoa nne. Cliff akatoa nane. Mimi nikatoa kumi.

Kumi, ndugu yangu! Nilipiga kofi hewani. Likizo ilikuwa yangu, siku thelathini, naondoka tarehe kumi na mbili. Neno lililobaki lilikuwa moja, na malapa yalikuwa pale mlangoni, hatua mbili.

Sikuinuka. Sikuwa na mpango wowote mbaya, nakuapia. Nilikuwa nasikia raha tu, nikataka kukaa ndani yake kidogo. Mtu amekaa miaka miwili hajashinda kitu, hata foleni ya choo.

Fred akasema, "Nakuwekea thelathini zangu."

Nikarusha, tisa. Akarusha, sita. Sitini! Fred akajilaza chali, akafunika uso kwa kofia. Zablon akanyoosha mguu akayasukuma malapa yangu mpaka yakanigusa goti.

"Derrick, viatu," akasema.

"Nimesikia, Baba Mirriam. Ngoja nimpigie mama kwanza."

Nikapiga palepale mkekani, nikaongea Kilogooli. Fred ni Mjaluo, Cliff ni Mkamba, hawakuambulia neno. Zablon ni wa kwetu. Aliyasikia yote, na ndio mara ya kwanza akajua mama yangu ni mgonjwa.

Mama alishika simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akaniambia, "Derrick, wameniweza. Serah na daktari. Nimekubali, Jumanne nakatwa."

Unasikia? Alikuwa amekubali. Serah alikuwa ameshamaliza kazi. Mimi ningesema "vizuri mama, nitakukuta umeshatoka", na leo hii angekuwa ananikaripia kwenye simu kwamba sioi.

Badala yake nikapiga kelele, "Mama, nakuja! Tarehe kumi na mbili niko ndani ya ndege!"

Akacheka. Sijui kama unajua kicheko cha mtu ambaye hajacheka miezi mitatu. Akasema, "Basi Jumanne wasinishike. Nitakungoja."

Nami nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Ndiyo mama, ningoje."

"Unakuja siku ngapi?"

"Sitini."

"Daktari anasema kujifunza kutembea na mguu wa bandia ni miezi mitatu. Lakini sitini ni nyingi, mwanangu. Sitini ni nyingi sana."

Nikakata simu nikiwa mtu mwingine. Miezi mitatu. Nilijiona nikimshika mkono uani, hatua moja moja, nikimtania kwamba anatembea kama bata. Nilijiona nikimwacha akiwa anaenda kanisani peke yake. Sitini hazikufika huko. Tisini zingefika.

Cliff akaniangalia. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajawahi kumbeba, picha ndiyo ilikuwa kwenye simu yake, lakini sheria ni sheria, hakuitaja. Akasema tu, "Na mimi nina thelathini zangu. Unacheza au unavaa viatu?"

Zablon akakohoa. Akakohoa tena. Alikishika kikombe kwa mikono miwili hakutaka kukitoa. Nilimwona macho yake. Alijua, na hangeweza kusema, kwa sababu sharti la kutotaja shida alilitunga mwenyewe.

"Derrick," akasema kwa Kilogooli, polepole, "sitini ni nyingi. Mama amekuambia."

"Lete kikombe, Baba Mirriam."

Nilirusha tatu na mbili. Tano. Cliff akarusha saba.

Hakuna aliyeshangilia. Cliff aliinuka kabla dadu hazijatulia vizuri, akasema "halas", akavaa viatu vyake, akatoka nje. Huyo ndiye aliyekuwa na akili. Mimi nilibaki nimekaa na malapa yangu gotini.

Jioni ile Zablon alinifuata kwenye ngazi. "Mwambie Cliff. Mchezo umekwisha, sasa kusema si kosa."

"Nimshushe mtu kwenye ndege kwa sababu ya ujinga wangu? Sitaki."

"Basi mpigie mama umwambie akatwe Jumanne."

"Nitampigia."

"Mpigie sasa."

"Nimesema nitampigia, bana! Kwani wewe ni nani?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Akashuka ngazi. Na mimi sikupiga. Jumamosi sikupiga. Jumapili niliandika ujumbe kwa Serah nikaufuta. Nilijiambia kutatokea kitu, labda Cliff atabadilisha mawazo, labda mudir ataongeza mtu wa pili. Jumanne ilipita, mama akiwa kitandani, mguu haujakatwa, ananingoja.

Alipopiga Jumatano, nilimwambia karatasi zimechelewa kidogo.

Wiki ya pili ya Desemba kampuni ikaazima mtu wa kukaa geti letu, ikanihamishia Riyadh kwa muda, kulinda maonyesho fulani. Tulienda kwa basi, siku nzima ya mchanga. Riyadh Desemba kuna baridi ya kuuma masikio, na mimi nimekuja na koti la Jeddah ambalo ni la mapambo tu. Kabla sijaondoka, Cliff, ambaye alikuwa anafunga sanduku, aliniuliza kama kuna mzigo wa kupeleka nyumbani. Yeye kwao ni Machakos, lakini akasema atapanda mpaka Vihiga anifikishie, ndivyo alivyo. Nikampa shuka mbili na mafuta ya kupaka kwa ajili ya mama. Nikampa namba ya Serah. Ukiuliza nilidhani nini, nitakuambia sikudhani. Nilikuwa nimeacha kudhani.

Tarehe kumi na mbili, siku ile niliyosema niko ndani ya ndege, mama alipiga. Nilikuwa nimesimama kwenye geti la maonyesho, magari yanaingia.

"Umefika wapi?"

"Niko Riyadh, mama."

"Riyadh ni karibu na nyumbani?"

Ewe Mungu wangu. Riyadh nilikuwa nimerudi nyuma, nimeingia katikati ya nchi, mbali kuliko nilipokuwa. Nikamwambia, "Karibu kidogo, mama. Ndiko wanakopiga mihuri."

"Vizuri," akasema. "Serah anasema mguu unanuka, ananifungulia madirisha. Mimi nimemwambia mtu wangu yuko njiani."

Serah akamnyang'anya simu. "Derrick, sikiliza. Joto la mwili haliteremki. Daktari amekuja mara mbili na karatasi ya kutia sahihi, mama anasema mpaka wewe. Unaingia lini? Niambie siku. Si 'karibu', siku!"

"Wiki hii."

Nilisema wiki hii. Sikuwa na likizo, sikuwa na tiketi, sikuwa na lolote. Mtu anaweza kukaa kwenye mkeka hata baada ya mkeka kukunjwa.

Siku nne baadaye Cliff alinipigia. Sikuwahi kumsikia Cliff akilia.

"Derrick, mimi niko hapa hospitalini kwenu. Nimeleta shuka. Kwa nini hukuniambia? Eh? Kwa nini? Amenishika mkono akidhani ni wewe! Ameniuliza, Derrick yuko wapi, mlikuja ndege moja? Nikamwambia hapana mama, likizo ni mimi niliyeipata, Derrick alishinda kwanza halafu akashindwa. Sikujua! Nani angejua? Mtoto wangu angengoja, bana. Hata hajui sura yangu, angengoja tu!"

Nilimwomba ampe mama simu. Nilikuwa nimekaa chini kwenye saruji, mchana kweupe, watu wanapita na watoto na baluni, mkubwa wa zamu ananipungia mkono niinuke.

"Mama," nikasema. "Nisamehe. Nilikudanganya. Sina likizo. Katwa leo, mama, tafadhali, usiningoje."

"Nitakatwa," akasema. "Nimeshatia kidole kwenye karatasi, huyu kijana wako amenishikia." Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. "Derrick, ulishinda kweli?"

"Nilishinda, mama. Mara mbili."

"Sasa mbona hukuja?"

Hakuuliza kwa hasira. Ningependa angeuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu asiyeelewa, anayetaka kueleweshwa, na mimi mwana wake wa shule nyingi sikuweza kumweleza. Nilisema "mama", nikasema tena "mama", kisha simu ikarudi kwa Serah, na Serah akaikata.

Walimkata asubuhi yake. Sumu ilikuwa imeshapita goti, wakapandisha mpaka pajani. Aliamka mara moja, akaomba maji, akauliza mlangoni kuna nani. Serah akamwambia, "Ni Cliff, mama." Siku ya tatu akafa.

Nilienda ofisi ya Riyadh nikiwa na sare, sikuwa nimelala. Mudir Hisham alikuwepo, alikuwa amekuja kwa ajili ya maonyesho. Nilimwambia mama yangu amekufa. Nilimwambia hivyo tu, nikangoja anifukuze kama Allan. Aliweka kalamu chini, akainuka, akaizunguka meza akanishika bega, akasoma maneno yao ya msiba. Kisha akauliza alikuwa anaumwa nini, tangu lini.

Nikamweleza. Mguu, sukari, tangu mwezi wa tisa.

Akanitazama. "Mwezi wa tisa? Na hukuniambia? Mama akiumwa kuna ruhusa yake, mbali na hii ya Desemba. Nimewapa Wapakistani wawili mwaka huu. Ungekuja, dakika tano, halas. Kwa nini hukuja?"

Wa pili huyo kuniuliza.

Akarudi kwenye kompyuta, akaanza kuandika jina langu, akapiga simu mahali kuhusu tiketi. Kweli haikuchukua dakika tano. Akaniambia kwa msiba hahesabu sana, nami ni mtu mzuri, sijawahi kulala kazini, nichague mwenyewe siku ninazotaka, hata tisini atanitilia sahihi.

"Ngapi?" akauliza, vidole juu ya kompyuta.

Nikamwambia tatu zinatosha, ni kuzika tu.